Ng'ombe wa Wangeci na Maji Machafu ya Mwaura

Kabla hujafika kwenye lango la Wangeci kule Mutuini, pua yako huwa imekwisha kufika. Kuna harufu ya maji ya kufulia yaliyolala, mkojo, na mafuta ya kukaangia chipsi, yote yamechanganyika na kupigwa jua mpaka yakafanya utando wa kijani unaong'aa kama petroli. Wapita njia huziba pua na kulaumu zizi, kwa sababu zizi ndilo linaloonekana. Lakini ukiufuata mtaro kwa macho kutoka zizini kwenda juu, utafika kwenye bomba la plastiki lililochomoza nyuma ya nyumba za kupangisha. Nyumba hizo ni za Mwaura, shemeji yake Wangeci.

Wangeci ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mkamuaji. Hakuanza na ng'ombe. Ujana wake aliumalizia kwenye jengo moja refu la ofisi huko Upper Hill, mjini, akipiga deki na kusafisha vyoo. Alikuwa akitoka Mutuini kabla jua halijachomoza ili sakafu iwe imekauka wakubwa wakifika. Kazi hiyo ilimfundisha kudharau watu wa namna fulani. Alipenda kusema kwamba hakuwahi kushangazwa na uchafu wa fundi au wa mlinzi, waliomshangaza ni mabwana wa tai waliotoka chooni bila kuvuta maji, wakampita mlangoni na kumwambia, "Mama, hapo ndani panahitaji kuangaliwa."

Mumewe, Kibe, alipougua, Wangeci aliacha kazi akarudi nyumbani kumuuguza na kushika ng'ombe wake. Kibe alipofariki, ng'ombe wawili walikuwa wamekwenda na gharama za hospitali, akabaki mmoja. Huyo ndiye Nyange, Friziani mkubwa mwenye baka jeupe mgongoni. Kwa muda Wangeci alipeleka maziwa kwenye hoteli moja karibu na Adams Arcade. Siku moja mwenye hoteli akamwambia wauzaji wengine wanaongeza maji kidogo na hakuna mtu aliyekufa. Wangeci akalibeba debe lake likiwa limejaa, akapanda gari la kurudi. Tangu siku hiyo aliuza langoni kwake, kwa wapangaji wa Mwaura, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Ardhi ile ilikuwa ya baba mkwe wake, mzee Zachariah. Kabla hajafa, mzee aliwaita wanawe wawili pamoja na wazee wa kanisa, wakanywa chai, akasema maneno yake. Sehemu ya juu, kando ya barabara, ni ya Mwaura. Sehemu ya kati, yenye nyumba ya mbao, ni ya Kibe. Sehemu ya bondeni haitagawanywa, kwa kuwa ni ya ng'ombe. Anayefuga pale ndiye anayeishika. Siku ambayo hapatakuwa na kwato hata moja, Mwaura na jamaa ya Kibe wataamua wenyewe, na mwenye kauli ya mwisho ni mwanamume atakayekuwa amebaki kati yao. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Lakini Mutuini nzima ilijua, na mpaka leo neno la mzee kama huyo linashika kuliko hati nyingi.

Kwa hiyo kila mtu alijua pia Nyange alikuwa nani. Akiwepo Nyange, bonde ni la Wangeci. Asipokuwepo, ni la Mwaura, na Mwaura alikwisha kuwaambia watu wa baa idadi ya vyumba atakavyojenga pale.

Mwaura ni shemasi. Hupita kanisani akiwa na sahani ya sadaka, viatu vimeng'aa. Alijenga safu ya kwanza ya mabati, akachimba shimo la maji taka. Akajenga safu ya pili, akaliacha shimo vilevile. Akasimamisha ghorofa ya mawe, shimo likabaki lilelile, na watu wameongezeka mara nne. Shimo lilipoanza kufurika, hakuita gari la kunyonya uchafu. Alitoboa ukuta wa shimo, akachomeka bomba, akaliacha litapike bondeni.

Wangeci alimwendea mara nyingi.

"Baba Ken, hiyo maji yako inaingia kwa zizi."

"Si hiyo ni mbolea, Mama Debra?" Mwaura alicheka mbele ya wapangaji wake. "Angalia vile nepia yako imenona. Ningekuwa mtu mbaya ningekutoza."

Nepia, majani yake ya kulishia ng'ombe, ilinona kweli, na visubi pia. Mvua za masika zilipoisha, tope la bondeni halikukauka. Kila jioni jua likielekea vilima vya Ngong, visubi vilipanda kutoka kwenye lile tope kama majivu yaliyopulizwa. Ni vidogo kuliko mbu, huwezi kukiona kimoja mpaka kikuume. Viliingia masikioni mwa Nyange, vikamjaa kwenye kope na kwenye chuchu, mahali palipo na ngozi laini, mpaka kiwele kikawa na alama nyekundu kama upele. Wangeci alikuwa akikamua kwa mkono mmoja na kuvipangusa kwa mwingine, na vingine vikaanguka ndani ya ndoo. Maziwa hayo aliyamwaga. Ukiona mtu anamwaga maziwa kwa sababu ya wadudu waliozaliwa katika choo cha jirani yake, na jirani huyo anaimba sauti ya pili katika kwaya, unaelewa kwa nini watu wengine huacha kwenda kanisani.

Siku moja jioni Nyange alianza kuchechemea. Asubuhi iliyofuata hakuinuka. Alilala kifudifudi, shingo imenyooka, masikio yamewaka moto, misuli ya mapaja ikitetemeka, na mate yakimtoka mdomoni kama kamba mpaka chini. Wangeci alimsukuma, akamwita kwa jina, akamvuta mkia. Macho ya ng'ombe yalimtazama tu.

Alimpigia simu Jacklyne, daktari wa mifugo wa eneo lile, msichana wa kutoka Busia aliyekuja kwa bodaboda akiwa na gambuti na sanduku lake. Jacklyne alipima joto, akakunja miguu ya ng'ombe mmoja mmoja, akatia kidole kwenye ulimi wake.

"Mama, hii ni homa ya siku tatu," alisema. "Ni virusi. Inaletwa na visubi na mbu. Hawa wa hapa." Alijipiga shingoni. "Hata mimi wameshanikula."

"Atakufa?"

"Wengi huamka wenyewe, siku ya tatu ama ya nne. Wakubwa na wenye maziwa mengi ndio huumia zaidi, kwa sababu ya uzito. Nitampa sindano ya kushusha homa na maumivu, na nyingine ya kukinga mapafu. Lakini nisikize vizuri." Aliinuka, akamtazama usoni. "Usimnyweshe kitu kwa nguvu. Hata maji. Hii homa inalaza koo. Ukimmiminia kitu mdomoni hakiendi tumboni, kinaenda kwa mapafu. Hapo ndipo ng'ombe wa homa hii hufia, mikononi mwa watu. Mwekee maji kwa beseni karibu na mdomo, akitaka atakunywa mwenyewe. Mgeuze upande kila mara. Mtandikie nyasi kavu."

"Na watu? Inaingia kwa watu?"

"Hii haiingii kwa watu. Lakini maziwa mwaga, na nyama yake isiguswe mpaka dawa imtoke mwilini. Na hii maji, mama..." Jacklyne aliutazama mtaro, akageuza uso. "Haki hii maji. Ni kama mtu anawafuga hawa wadudu."

Wangeci alipanda moja kwa moja kwa Mwaura, akiwa na tope mpaka magotini. Alimkuta akioshewa gari.

"Baba Ken, ng'ombe ameanguka. Daktari amesema ni hawa visubi wa maji yako. Ziba hilo bomba hata kama ni wiki moja."

"Nizibe, halafu wapangaji waende haja wapi? Kwako?" Mwaura alisogea nyuma asipakwe tope. "Mama Debra, wewe ni mtu mzima. Ng'ombe akilala chini ameisha. Mwite Kaindi, yule wa nyama, ambebe leo akiwa bado anapumua. Ukingoja utabaki na ngozi."

"Amedungwa sindano. Haliwi."

"Nani atajua? Nyama haiandikwi." Akapunguza sauti, akawa mpole kama mtu anayefariji kwenye matanga. "Si daktari mwenyewe amesema haigusi watu? Nimeskia mpaka hapa. Muuze, upumzike. Umeteseka na hiyo ng'ombe vya kutosha."

Wangeci alishuka akaanza kukata nyasi kavu.

Ile siku na iliyofuata alikaa na Nyange kama mtu anavyokaa na mgonjwa wadi. Alimtandikia, akamkinga jua kwa turubai, akawasha kinyesi kikavu upande wa upepo ili moshi ufukuze visubi. Oloo, fundi wa mawe aliyepanga kwenye mabati ya Mwaura na aliyekuwa mteja wake wa maziwa, alikuja na wenzake wawili wakasaidia kumgeuza.

"Mathe, huyu ni mzito kuliko lintel ya zege juu ya mlango," Oloo alisema akihema. "Amka bana, Nyange. Tumekunywa chai ya rangi mpaka meno zimebadilika."

Siku ya tatu asubuhi Nyange aliinua kichwa. Alinusa beseni, akalamba maji kidogo, akashindwa kuyameza vizuri, yakamtoka pembeni mwa mdomo. Lakini kichwa alikishika juu, na kutetemeka kulikuwa kumepungua. Jacklyne alipoambiwa kwa simu alifurahi. Akataka apewe sindano moja zaidi ya kumtia nguvu ya misuli, lakini dawa hiyo ilikuwa imeisha katika duka la Mutuini. Ilipatikana kwenye duka moja la dawa za mifugo karibu na Adams Arcade.

Wangeci alimwomba Virginia amwangalie ng'ombe mpaka arudi. Virginia ni mke wa Mwaura, na wala si mtu mbaya. Ndiye anayeongoza sala za akina mama, na ukifiwa utamkuta jikoni kwako kabla hujaamka.

"Mama Ken, mgeuze ukipata mtu wa kukusaidia. Lakini usimpe kitu kwa mdomo. Daktari amekataza."

"Nenda tu, Mama Debra. Mimi nimelelewa na ng'ombe."

Hapo ndipo penyewe. Virginia alilelewa na ng'ombe, na katika nyumba zote za upande ule ng'ombe akilala chini kuna jambo moja linalofanywa, na lisipofanywa watu husema mwenye ng'ombe ni mvivu au hana huruma. Unachukua chupa ya soda. Unatia maji ya vuguvugu, chumvi, na mafuta ya kupikia. Mmoja anainua kichwa cha ng'ombe na kuvuta ulimi kando, mwingine anapenyeza shingo ya chupa kwenye pembe ya mdomo na kumimina. Babu zao walifanya hivyo, na ng'ombe wengine waliamka, kwa hiyo chupa ikasifiwa. Waliokufa walisemwa wamefika siku yao. Chupa haijawahi kulaumiwa.

Virginia alimtazama Nyange akiwa amelala na tumbo limebonyea, akaona ni ukatili kumwacha mnyama hivyo kwa sababu ya maneno ya msichana wa juzi. Akamwita kijana wa kuosha gari amshikie kichwa. Akammiminia chupa ya kwanza. Ng'ombe akakohoa. Virginia akasema anakohoa kwa sababu ya ukavu wa koo, akammiminia ya pili, huku akiimba wimbo wa kanisa taratibu kama anayemlaza mtoto.

Wangeci aliporudi na dawa mfukoni, Virginia alimlaki akitabasamu, chupa tupu mkononi.

"Amekunywa zote! Nilikuambia anahitaji tumbo lipate kitu."

Wangeci alitazama nyuma yake. Nyange alikuwa amenyoosha shingo, mdomo wazi, na puani mlikuwa mkitoka povu la mafuta lenye rangi ya kijani. Kila alipovuta pumzi ilisikika sauti ya maji ndani yake, kama sufuria inayochemka ikiwa imefunikwa.

Jacklyne alifika mchana, akaweka kipimo ubavuni, akasikiliza upande mmoja, akahamia wa pili. Alikitoa masikioni.

"Ni nani alimnywesha?"

Virginia alianza kulia. Mutuini wamesema mengi tangu siku ile, kwamba mke alitumwa na mume. Si kweli. Mume hakuwepo, na machozi ya Virginia yalikuwa ya kweli. Lakini aliambiwa kwa Kiswahili safi asifanye, akafanya, kwa kuwa aliamini kwamba mwenye moyo mzuri hana haja ya kusikiliza. Sioni sababu ya kumtafutia jina la upole.

"Mapafu yamejaa," Jacklyne alimwambia Wangeci. "Ataenda leo ama kesho. Ningekuwa na dawa ningekupa. Pole sana, mama. Alikuwa anaamka."

Habari ya ng'ombe anayekufa husafiri haraka kuliko ya mtu. Kabla jua halijainama, pikapu ya Kaindi ilikuwa imesimama langoni. Kaindi ni dalali wa nyama, mtu mnene, mcheshi, koti jeupe limegeuka rangi ya kutu kwa damu ya miaka. Nyuma ya pikapu alikuwa amefunga mtamba mmoja mwembamba, mbavu nje, kupe masikioni. Mwaura alikuja nyuma yake akiwa anasugua mikono.

Kaindi alimtazama Nyange, akabonyeza paja kwa kidole kama mtu anayenunua mkate.

"Mathe, pole. Mimi sitakuzungusha. Sikupi pesa. Nimesikia maneno ya hii bonde." Akaonyesha pikapu kwa kidevu. "Nakuachia huyu mtamba. Mimi nabeba huyu sasa hivi, akiwa bado na pumzi. Wewe unabaki na kwato zako nne, bonde inabaki yako. Tumeelewana?"

Wangeci alimtazama yule mtamba. Alikuwa mnyama duni, lakini alikuwa hai, na angekua. Angeingia zizini jioni ile na neno la mzee Zachariah lingeendelea kusimama.

Mwaura ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Mikono iliacha kusuguana.

"Hapana, hapana, Kaindi. Hiyo haiwezekani. Huyu ng'ombe amedungwa dawa! Daktari amekataza! Unataka kulisha watu sumu?" Sauti yake ilipanda, shemasi mzima. "Hapa sisi ni watu wa Mungu. Kuna sheria ya afya katika nchi hii. Mama Debra, usikubali, hiyo ni dhambi."

Kaindi alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko.

"Mzee, si ni wewe ulinipigia simu jana uniambie nije nibebe haraka, na nyama haiandikwi?"

Oloo na wapangaji wengine waliokuwa wamekusanyika ukingoni walicheka. Mwaura alikohoa, akarekebisha kola.

Hapo Wangeci alikuwa amesimama katikati ya wanaume wawili, na mmoja alikuwa ananena haki kwa mdomo uliooza. Angekubali, angeshinda. Angekataa, angekuwa amemtii Mwaura na kumpa bonde mkononi. Nadhani hakuna kitu kinachotia kinyaa kuliko kuona jambo la haki limeshikwa na mtu kama yule, limejaa alama za vidole vyake, na bado ni lazima ulichukue.

Alimgeukia Kaindi. "Hiyo nyama inaenda wapi?"

"Aah, mathe. Huko huko tu. Supu, mishikaki, vibanda vya steji. Ikipata pilipili na ndimu hakuna mtu anauliza mamake ni nani."

Wangeci alimtazama Oloo. Oloo hunywa supu pale steji, kwenye kituo cha magari, kila asubuhi kabla ya kwenda mjengoni, yeye na vijana wake, kwa sababu ni chakula cha kwanza na pengine cha mwisho cha siku. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Wewe unaweza kuila?" Wangeci alimuuliza Kaindi. "Umpelekee mkeo apikie watoto wako leo?"

Kaindi hakukasirika. Alilijibu swali kwa ukweli wote, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Mimi? Mathe, mimi miaka mingi sili nyama ya kununua nje. Najua inatoka wapi. Kwangu tunakula kuku wetu."

Oloo alitema mate chini. "Ati unasema?"

"Nasema ukweli, boss. Ungetaka nidanganye?"

"Toa gari yako hapa," Wangeci alisema.

"Mathe, fikiria. Kesho huyu ni mzoga na mimi sitarudi."

"Toa gari. Na huyo mtamba mpe maji, ana kiu."

Kaindi aliinua mabega, akaingia garini. Mwaura alitaka kumshika Wangeci mkono na kumpongeza mbele za watu. Wangeci aliuficha mkono wake nyuma ya mgongo, na aliuacha huko mpaka yule bwana aliporudisha wake mfukoni.

Nyange alikufa kabla ya giza, kwa shida, akipiga miguu katika lile tope huku visubi vikiwa vimekwisha kumjaa machoni. Oloo na wenzake walichimba shimo pale pale zizini, kwa kuwa hakuna mtu angeweza kumburuta kupanda mlima. Udongo wa bondeni ulitoka mweusi na wenye kunuka, na shimo likaanza kuvuja maji ya Mwaura kabla halijafika kina. Walipomsukuma ng'ombe ndani, maji hayo yaliruka yakawapata usoni, na kijana mmoja akatapika kando.

Wangeci alijua kwamba kuna watu hufukua. Alishuka shimoni mwenyewe akiwa na panga, akaichanachana ngozi mgongoni na mapajani ili isimfae mtu yeyote, kisha akamwagia mzoga wote oli chafu aliyoiomba kwenye gereji ya barabarani. Alifanya hivyo kwa ng'ombe aliyemkamua kwa mikono ile ile. Alipotoka, Virginia alikuwa amesimama na kitambaa cha kumpangusia. Wangeci alikipokea, akajipangusa, akakirudisha.

Wiki haikuisha kabla Mwaura hajaja na wazee wawili waliokuwepo siku ya chai ile. Walikuwa na haya. Mmoja wao alisema neno la mzee ni neno, na kwato hakuna. Wangeci hakubishana wala hakuwakaribisha chai.

"Chukua, Baba Ken," alisema. "Ulikuwa unaingoja."

Mwaura alimwajiri Oloo achimbe msingi. Oloo ana watoto, akaikubali kazi. Alianza mbali na kaburi la ng'ombe, upande wa juu, lakini kila mtaro aliouchimba ulijaa usiku mmoja. Kila asubuhi aliukuta umefika ukingoni, kijivu, mapovu ya sabuni yakielea pamoja na vitu ambavyo havitajwi katika maandishi. Visubi vilitulia juu ya ukuta wa udongo kama masizi. Mwaura alikuja akiwa na viatu vyake vya kung'aa, akasimama juu, akaziba pua kwa leso.

"Mbona hujamwaga zege?"

"Kwa hii?" Oloo aliinua sepeto, ikadondosha uji mweusi. "Boss, hii ni choo yako. Nyumba yako itasimama kwa mavi yako mwenyewe, na ukuta utakunywa mpaka juu. Toa maji kwanza."

Mwaura alipiga simu pale pale. Asubuhi iliyofuata lori la kunyonya uchafu lilisimama barabarani tangu mapema, likanguruma mpaka mchana, likarudi tena siku iliyofuata. Mafundi wakachimba shimo jipya, kubwa, la mawe. Bomba lililotapika bondeni miaka yote ile lilikatwa na kuzibwa kwa saruji kabla ya chakula cha jioni. Mtaro ukakauka. Tope likapasuka likawa udongo, na jioni jua likiinama hapakupanda kitu kutoka bondeni isipokuwa vumbi.

Wapangaji walimsifu Mwaura kwa usafi. Kanisani alitoa ushuhuda kuhusu kutunza mazingira.

Wangeci aliyaona yote kutoka mlango wa jiko lake, bonde likiwa kavu kabisa, kavu kama alivyoliomba kwa miaka, likingoja ukuta wa mtu mwingine. Oloo alipanda akiwa na chupa yake ya maziwa tupu, kwa mazoea, akasimama langoni akakumbuka.

"Kumbe ilikuwa inazibika, mathe," alisema.

"Ilikuwa inazibika siku zote," Wangeci alisema. Akatema mate upande wa bondeni, akamkaribisha ndani wanywe chai ya rangi.